Kompyuta ya Alhamisi

Mwizi aliacha kompyuta mpakato kumi na moja, simu tatu mpya zilizokuwa bado na nailoni zake, na saa ya mkononi ya kupimia mapigo ya moyo. Akachukua kompyuta moja ya mezani, ya zamani, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, ambayo hata muuza vyuma chakavu angeibeba kwa kununa.

Inspekta alisimama katikati ya duka, mikono nyuma, akiutazama mraba usio na vumbi juu ya rafu ya pembeni. Alikuwa na miaka thelathini kazini na alishaona wezi wa njaa, wezi wa tamaa na wezi wa mazoea. Mjinga wa namna hii alikuwa hajakutana naye, na kwa sababu hiyo hiyo akaanza kumtilia shaka.

"Umefungua saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu, afande. Kama kawaida."

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na kompyuta ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Niliizima mwenyewe."

"Ina thamani gani?"

Fundi akakuna kidevu. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu ukimpelekea simu asubuhi atakuambia upite kesho kutwa, lakini ukija kuichukua utaikuta imepona kweli kweli. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alisema kompyuta ile haikuwa na thamani kwa mtu yeyote, ila kulikuwa na mteja mmoja ambaye kwake ilikuwa na thamani kuliko duka lote.

Mlango wa nyuma ulifungwa kwa komeo na kufuli kwa nje. Kufuli lilikuwa zima. Komeo ndilo lililotolewa, na lilitolewa kwa bisibisi, si kwa nondo wala nyundo. Koplo, binti mmoja mkali wa macho aliyehamishiwa kituoni kutoka dawati la makosa ya mtandao, alikuwa amechuchumaa hapo na brashi yake ya alama za vidole. Akamwonyesha Inspekta kitu kilichokuwa kizingitini: skrubu nne ndani ya kizibo cha soda.

Inspekta akageuka kuitazama meza ya kazi. Kila simu iliyofumuliwa pale ilikuwa na kizibo chake cha soda ubavuni, na ndani yake skrubu.

"Mwizi ana adabu," alisema.

"Nimeziokota mimi asubuhi, afande," alisema Taratibu. "Mkono umezoea. Nikiona skrubu chini sipati raha."

Jibu lilikuwa la maana, na Inspekta akalipokea. Lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye skrini ya zamani iliyoachwa juu ya rafu. Waya wake haukung'olewa. Vile viskrubu viwili vidogo vya pembeni, vinavyoishika plagi ya skrini, vilikuwa vimelegezwa vizuri kwa vidole, kimoja kimoja, na waya ukakunjwa.

"Nini kingine kimeondoka?"

"Kibodi yake tu. Ilikuwa ya zamani, ya plagi ya duara. Haiingii kwenye kompyuta za siku hizi."

Kwenye kona palikuwa na rundo la kibodi, ishirini au zaidi, zimelundikwa ovyo. Inspekta aliliangalia rundo lile kwa muda, kisha akaandika neno moja kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Mlalamikaji wa kweli alifika saa nne. Hakuwa mwenye duka. Alikuwa mwanamke mshonaji wa mtaa wa pili, ambaye kwa kuwa alishona sare za shule zote za karibu, watu walimwita Mama Sare. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Habari ilimkuta kazini akaja nayo hivyo hivyo. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa mbele ya rafu, akaketi kwa mazoea, akatazama mahali palipokuwa patupu.

"Na sauti je?" aliuliza.

Taratibu akainamisha kichwa.

Ilibidi Inspekta avute kiti kingine na kumwachia mama yule aeleze kwa mwendo wake. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Njia zile hazina mtandao, siku tatu nne simu haishiki. Basi akanunua kinasa sauti kidogo mtandaoni, na tangazo likaapa kwamba kinakubali kompyuta zote duniani. Kilipofika kikawa kinakubali moja tu. Rekodi zake hazikufunguka ila kwa programu yake yenyewe iliyokuja kwenye sidii ndogo, na programu hiyo haikutaka kusikia habari ya mfumo mpya. Dereva akacheka, akakipenda hivyo hivyo. Akisimama njiani anakiambia habari za siku, akirudi anampa rafiki yake Taratibu, Taratibu anazihamishia kwenye ile kompyuta ya zamani, na mke anakuja dukani kusikia aliyoambiwa akiwa mbali.

Miaka miwili na miezi kadhaa iliyopita lori lilikosa breki kwenye mteremko. Kinasa sauti kiliteketea na mwenyewe. Zikabaki rekodi arobaini na tatu.

"Alhamisi napeleka sare kwenye shule hii ya jirani," alisema Mama Sare. "Nikitoka napita hapa. Nasikiliza moja tu, zisiishe. Zikiisha naanza upya."

"Hukuwahi kuomba zihamishwe? Kwenye simu, kwa mfano?"

"Fundi alisema haiwezekani. Shemeji yangu akaniagizia laptopu mtandaoni, wakasema hii haishindwi kitu. Fundi akaniwekea rekodi moja kwenye flashi nikajaribu nyumbani. Ikaandika faili halitambuliki."

"Ikawaje?"

Mama Sare akazungusha futi kidoleni. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa amepata mtaalamu katikati ya mji aliyedai anaweza kuzibadilisha rekodi zile. Kesho Jumamosi wangekuja na gari kuichukua kompyuta.

"Nani alijua hilo?"

"Mimi na shemeji. Na fundi. Nilimwambia jana."

"Akasema nini?"

"Akasema sawa."

Aliposema hivyo alimtazama Taratibu, akakawia kidogo kumtazama. Fundi alikuwa ameshapata kazi ya kufanya: alihamisha skrubu kutoka kizibo kimoja kwenda kingine, halafu akazirudisha.

*

Shemeji aliitwa Mzigo, maana siku nzima kazi yake ilikuwa kuwapigia watu simu na kuwaambia mzigo umefika. Aliwaagizia watu bidhaa mtandaoni, akazipokea katika kibanda kilichojaa maboksi hadi darini. Inspekta alimkuta amebaki na nafasi ya kukaa na ya kunyoosha mguu mmoja.

Koplo alikuwa ameshafanya kazi yake. Aliweka simu mezani. Kwenye soko la mtandaoni, wiki tatu nyuma, Mzigo alikuwa ametangaza hivi: Natafuta kompyuta ya mezani ya zamani, yenye mfumo wa zamani, hata kama imechoka.

"Hili ni lako?"

"Langu."

"Ulikuwa unaitafuta ya nini?"

"Ya shemeji."

"Na hukuipata."

"Zote zilizokuja zilikuwa zimeshawekwa mfumo mpya. Watu wanadhani wanakufanyia hisani."

"Basi ukaona iliyo karibu ni ya Taratibu."

Mzigo alimtazama bila kukasirika, na hilo Inspekta alilipenda. Alisema jana alikuwa ghala la vifurushi tangu saa kumi na moja jioni hadi alfajiri ya leo akipokea mizigo, na sahihi zake zipo kwenye kila risiti. Tena, kama angekuwa na nia ya kuiba, angetafuta mtaalamu wa nini? Koplo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshapiga simu ghalani.

"Ila humpendi fundi," alisema Inspekta.

"Sina ugomvi naye. Lakini kila Alhamisi mke wa kaka yangu ameketi kwenye duka la mwanamume, analia, anafuta uso, anaondoka. Watu wana midomo, afande. Nikasema kama ni sauti, basi aisikilizie kwake." Akasukuma boksi kwa goti. "Mimi mwenyewe sijawahi kuisikia. Zilikuwa za mke wake. Sikuambiwa njoo, na mimi sikuomba."

Walipokuwa wanaondoka, Mzigo aliiona simu ya Inspekta na uchungu wa biashara ukamrudia. Akamwuliza ameinunua wapi. Inspekta akasema mtandaoni, aliona picha akaipenda. Mzigo akamwambia hilo ndilo kosa la wote, hata la kaka yake. Picha haina kazi. Soma yale maandishi madogo ya chini: kinatumia mfumo gani, toleo la ngapi, plagi yake ya namna gani. Na ukisoma kwamba kitu kinakubali kila kitu, ujue hakijajaribiwa na chochote.

*

Jumamosi asubuhi Koplo alikuja ofisini na laptopu ya Mama Sare na ile flashi yenye rekodi moja. Akaketi kwenye kona ya meza ya Inspekta, akatafuta kitu mtandaoni, akashusha programu ndogo ya bure, akabonyeza hapa na pale. Chai ya Inspekta ilikuwa bado ina moshi alipogeuza skrini.

"Tayari, afande."

"Tayari nini?"

Akabonyeza. Kwanza ukaja upepo, kisha injini kwa mbali, kisha sauti nzito ya mwanamume asiye na haraka.

"Haya, mke wangu. Tuko kwenye foleni ya mizani tangu asubuhi. Nimekaa kwenye kivuli cha gari. Viatu vyangu bado vinadumu, usinicheke, nimevifunga waya. Hakuna jipya. Nimeona nikuambie tu kwamba hakuna jipya."

Ikaishia hapo. Koplo aliifunga laptopu polepole, akajifanya anatafuta kalamu. Inspekta naye aliitazama chai yake hadi ikapoa. Ana haki gani mtu wa tatu kusikia maneno kama yale?

"Ilikuwa ngumu?" aliuliza mwishowe.

"Si ngumu kabisa. Mtu akifungua na kufunga kompyuta miaka mitano, hili analijua."

"Taratibu ana miaka ishirini."

"Basi anajua."

"Kwa nini alimwambia mama haiwezekani?"

Koplo alifikiri. "Hapo kompyuta haina jibu, afande," alisema.

*

Inspekta alikuwa akiishi peke yake. Mke alikwisha kutangulia, na binti yake wa pekee alikuwa akifanya kazi ng'ambo, mwaka wa nne sasa. Zamani alipiga simu kwa mwezi mara moja, haraka haraka, baba hujambo, sijambo, haya. Kisha Inspekta akanunua ile simu mtandaoni, na binti akaamua kumfundisha baba yake kuweka programu ya kupigiana huku mnaonana uso. Tangu hapo alipiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na somo halikuwahi kumalizika.

Jumapili ile alipiga kama kawaida. Inspekta alikuwa ameketi barazani amevua viatu.

"Baba, leo tunamaliza. Umeona vitone vitatu pale juu?"

"Vitone viko wapi?"

"Kulia. Juu kabisa."

"Kulia kwangu au kulia kwa simu?"

Binti akacheka, akaanza upya kwa subira, na Inspekta akafumba macho asikilize. Kulikuwa na sauti ya maji yanamwagika upande wa pili. Alikuwa anaosha vyombo. Akamweleza habari za bosi wake mpya, za baridi, za jirani anayepiga filimbi. Inspekta akauliza swali moja la kijinga kuhusu neno la siri, ili apate dakika tano zaidi.

Programu ile ilikuwa ndani ya simu yake tangu mwezi wa tatu. Aliiweka mwenyewe, kwa muda usiozidi wa kuvaa soksi.

Gumba lake lilikuwa linaelea juu ya vitone vitatu ambavyo aliviona wazi, na hapo likamjia. Likamjia lote kwa mpigo, na halikumfurahisha. Ameketi hapo miezi mingapi akijifanya hajui, kwa kuogopa kwamba akijua hatapigiwa tena? Na mtu mwingine, fundi kabisa wa kuaminiwa, alisemaje kila Alhamisi? Alisema haiwezekani.

"Baba? Bado upo?"

"Nipo," alisema. "Tuendelee wiki ijayo. Nimechoka kichwa."

*

Jumatatu saa tatu Inspekta aliingia dukani na Koplo, na Mama Sare nyuma yao. Alimwomba Taratibu akae. Kisha akafanya jambo ambalo halikutegemewa na mtu: akaanza kuzigeuza kompyuta zote za mezani zilizokuwa dukani, moja baada ya nyingine, ili azione mgongoni.

"Unatafuta nini, afande?" aliuliza Taratibu.

"Nafikiria juu ya mwizi wako. Ameingia na haraka zake. Kwenye rundo lile kuna kibodi ishirini na kitu. Akachambua, akachukua moja tu inayoingia kwenye kompyuta aliyoiba. Unamjua mwizi wa namna hiyo?"

Taratibu akaigeuza geuza skrubu moja mezani.

"Mimi ninamjua. Ni mtu ambaye hawezi kuitenga mashine na kibodi yake, hata akiwa anaiba. Mkono umezoea."

Ya tano ilikuwa kasha jeusi la kisasa, lenye kioo ubavuni na taa za kupendezesha, limebandikwa karatasi: Spea, usiguse. Inspekta akaligeuza. Mgongoni, katikati ya matundu mapya mapya, palikuwa na matundu mawili ya duara, moja la zambarau na moja la kijani.

"Koplo, kompyuta mpya zina matundu haya?"

"Hili kasha ni la juzi, afande. Lakini matumbo yake yametolewa kwenye nyingine. Ya zamani."

"Fundi. Fungua droo."

Taratibu alivua miwani. Akavuta droo ya chini ya meza. Kibodi ya rangi ya maziwa yaliyochacha ilikuwa humo, waya wake umekunjwa vizuri, na juu yake bahasha ndogo.

Koplo akaunganisha vyombo. Skrini ikawaka, ikakoroma, ikachukua muda wake. Kulikuwa na folda ya rekodi arobaini na tatu za ile programu ya zamani. Na pembeni, folda nyingine ya rekodi arobaini na tatu zilizobadilishwa, za kuchezwa hata kwenye simu ya kitochi.

"Hii ina tarehe ya miaka miwili iliyopita," alisema Koplo.

Mama Sare alikuwa amesimama mlangoni. Hakusogea.

"Ulizibadilisha lini?" aliuliza Inspekta.

"Wiki ya kwanza aliyokuja."

"Komeo ulilitoa wewe."

"Mimi."

"Ulikuwa umeshazibadilisha. Kwa nini hukumpa?"

"Nilitaka kumpa. Flashi ndiyo hiyo, kwenye bahasha. Nimeandika na jina lake." Taratibu alizungumza akiiangalia meza. "Alhamisi ile alisikiliza, akavua hedifoni, akacheka. Kitu fulani kuhusu viatu. Tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka. Akaniuliza kama anaweza kurudi wiki ijayo. Nikasema rudi."

"Na wiki ijayo?"

"Nikasema nitampa wiki ijayo. Afande, wiki ijayo haikuwahi kufika."

Yaliyobaki alimwambia mama, si polisi, na Inspekta alimwachia. Alisema marehemu alikuwa rafiki yake na alimwonea wivu kaburini, na kila akifunga duka aliona aibu. Alisema Alhamisi alikuwa anafagia tangu asubuhi. Aliposikia kompyuta inachukuliwa alijua mtaalamu wa mjini ataiona ile folda na tarehe yake, na ndipo akapoteza akili. Alitaka kuificha kwa muda, kisha ajifanye imepatikana.

"Ungeweza kuzifuta tu," alisema Inspekta. "Nani angejua?"

"Nilijaribu. Kidole kilikataa. Ile ni sauti ya mume wake."

Mama Sare alikuja hadi kwenye kiti cha plastiki, akakishika mgongo bila kukaa.

"Umenifanya nije kulia mbele yako miaka miwili."

"Ndiyo."

"Ungenipa nikalie kwangu."

"Ndiyo, mama. Sina la kujitetea."

Koplo alikuwa bado anachunguza skrini. Alikuwa hajafikia umri wa kujua kwamba mambo mengine unayaona ukayanyamazia.

"Kuna kitu sielewi, afande," alisema. "Zile zilizobadilishwa hazijaguswa tangu zitengenezwe, na hii programu yenyewe ya kusikilizia inaonyesha ilifunguliwa mara ya mwisho miezi saba iliyopita."

Inspekta akamtazama Mama Sare. Taratibu naye akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Lakini amekuja kila Alhamisi," alisema fundi. "Namgeuzia skrini, narudi kwenye meza yangu, simwangalii. Anavaa hedifoni nusu saa nzima."

Mama Sare alivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua.

"Siku moja nilimsikiliza, nikaona nimeshiba," alisema. "Nikasema wiki hii nimwache apumzike. Nikavaa hedifoni, sikubonyeza kitu. Nikakaa nakusikia wewe. Unaongea na simu za watu, unajua? Unaziambia vumilia kidogo, tunamaliza." Akaikunja tena futi. "Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Sasa ningekuambia nini? Mke wa rafiki yako, nimekuja kufanya nini hapa, kama si kumsikiliza yeye?"

"Na mtaalamu wa mjini?" aliuliza fundi.

"Shemeji aling'ang'ania. Ningemkatalia kwa sababu gani? Nikaja nikakuambia wewe, Alhamisi. Nilitaka useme neno. Lolote. Ukasema sawa."

"Sikujua," alisema Taratibu.

"Hukuuliza."

Inspekta alikohoa, kwa kuwa mtu lazima akumbuke kazi inayomlisha, akasema kwamba kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa na fundi atafuatana nao kituoni kuandika maelezo. Pingu hakuzitoa mfukoni. Taratibu alisimama, akavaa miwani yake ya waya, na kabla ya kutoka akakusanya skrubu zilizozagaa mezani na kuzitia kwenye kizibo.

Mama Sare alichukua bahasha. Alisoma jina lake juu yake, akaitia kwenye pochi. Akamwomba Koplo amtolee Mzigo naye nakala, maana ni sauti ya kaka yake na hajawahi kuisikia. Akatembea hadi mlangoni, akasimama hapo akiwapa mgongo.

"Afande. Atatoka lini?"

Inspekta alipiga hesabu. "Akiandika maelezo vizuri, na mkuu wa kituo akiamka vizuri, atapata onyo na dhamana. Jumatano."

"Kabla ya Alhamisi."

"Kabla ya Alhamisi."

Mama Sare akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kushona.

*

Jumapili simu ililia wakati ule ule. Inspekta alikuwa amevaa shati la pasi, jambo ambalo hakulifanya nyumbani tangu lini hata hakumbuki.

"Baba, leo lazima. Vitone vitatu."

"Nimeviona."

"Umeviona?"

"Programu nimeshaiweka, mwanangu. Niliiweka mwezi wa tatu."

Upande wa pili maji yaliyokuwa yanamwagika yakafungwa.

"Mwezi wa tatu," alisema binti. "Sasa Jumapili zote hizi tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulikuwa tunaongea."

Simu ikakatika. Inspekta aliishika kwa mikono miwili, moyo ukimwenda mbio kwa namna ambayo majambazi hawakuwahi kuusukuma. Halafu ikalia mlio mwingine, ule wa ile programu, na alipobonyeza akamwona mtoto wake uso kwa uso, amekonda kidogo, ana povu la sabuni mkononi, macho yamejaa maji. Walitazamana. Binti alikuwa na mvi moja mbele, na Inspekta hakujua ilikuja lini.

"Sasa wiki ijayo nitakufundisha nini?" aliuliza binti.

"Sijui."

"Nitakufundisha kutumia printa."

"Sina printa."

"Agiza mtandaoni, Baba," alisema, akafuta uso kwa kiwiko. "Na chagua ile isiyokubali simu yako."